Uzazi wa Mtu si Kodi



Kuna maneno mawili yanayotembea vinywani mwa watu, hapa kwetu na ng'ambo pia, juu ya wale waliobadili jinsia, yaani mtu aliyezaliwa mwanamume naye aishi kama mwanamke, au aliyezaliwa mwanamke naye aishi kama mwanamume. Neno la kwanza lasema: «Hao wamekwisha kutumia dawa za homoni, uzazi wao umekufa, habari ya watoto haiwahusu tena.» Neno la pili lasema: «Kama uzazi wao haujafa, basi Serikali iuzime kwanza, ndipo iwaandikie karatasi mpya.»

Neno la kwanza ni uongo. Neno la pili ni dhuluma. Tena uongo ule ndio uliozaa dhuluma hii, kwa maana watu hukubali upesi mwenzao anyang'anywe kitu ambacho wanadhani kimekwisha kuharibika. Leo twataka kuyajibu yote mawili, moja baada ya jingine, kwa mambo yaliyo wazi.

Tuanze na neno la pili, kwa sababu ndilo lililotoa damu.

Jamaa nyingi za Kongo zina mtoto au ndugu aliyekwenda Bruxelles au Liège. Basi tusidhani kwamba habari hii ni ya sayari nyingine. Tarehe 10 Mei 2007 Ubelgiji ilitunga sheria juu ya watu wanaotaka kuandikwa upya katika buku la raia. Sheria ilidai barua ya mganga wa hospitali, nayo barua ilipaswa kuthibitisha kwamba mtu huyu hawezi tena kuzaa kwa jinsia yake ya kwanza. Fahamuni vema. Haikutosha mtu kubadili jina, wala mavazi, wala sauti, wala uso. Ilimpasa kwanza akatwe uzazi, ndipo apewe karatasi. Sharti hilo lilidumu miaka kumi. Liliondolewa na sheria ya tarehe 25 Juni 2017, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2018.

Wala Ubelgiji haikuwa peke yake. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kuweka sheria ya mambo haya, mwaka 1972, nayo iliweka sharti lile lile mpaka mwaka 2013. Uholanzi iliweka mwaka 1985, ikaacha mwaka 2014. Ujerumani iliandika katika sheria yake ya mwaka 1980 kwamba mtu awe hawezi kuzaa kamwe, hata mahakama kuu ya katiba ilipolivunja sharti hilo Januari 2011. Japani ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2003. Miaka ishirini ilipita, na tarehe 25 Oktoba 2023 waamuzi 15 wa Mahakama Kuu ya Japani wakasema kwa neno moja kwamba sharti hilo halipatani na katiba ya nchi. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ilikuwa imekwisha kusema vivyo hivyo juu ya Ufaransa tarehe 6 Aprili 2017. Na bado ziko nchi ambazo hazijajifunza.

Je, nchi hizo zilipoacha, zilisema nini kwa wale waliokwisha kukatwa? Sweden ilikubali mwaka 2018 kumlipa kila mmoja wao kroni 225,000. Uholanzi iliomba radhi mbele ya watu wote mwaka 2021, ikatoa euro 5,000 kwa kila mtu. Twasifu kuomba radhi, kwa maana si Serikali nyingi zinazojua kuinama. Lakini twauliza: mtu akishika hizo euro 5,000 mkononi, atanunua tumbo la uzazi katika duka gani? Mtoto ambaye angezaliwa ataitwa kwa kengele gani?

Sasa wako wanaojibu: «Walitaka wenyewe. Hakuna aliyewafunga kamba. Waliweka sahihi.»

Sahihi ya namna gani hiyo? Sisi Wakongomani twajua vema maana ya kusimama mbele ya kizuizi cha barabara na karatasi isiyo sawa. Askari anatazama picha, anatazama uso, anatazama tena picha. Saa zinapita. Sasa fikirini mtu ambaye uso wake una ndevu na karatasi yake yasema mwanamke. Akienda benki, maneno. Akiomba kazi, maneno. Akipanda ndege, maneno. Akiugua, hata hospitalini maneno. Kila siku ya maisha yake ni kizuizi cha barabara. Kisha Serikali inamwambia: «Tutakuondolea shida hii yote, utupe tu uzazi wako.» Mtu akikubali hapo, mwasema ametaka? Hata mtu aliyeshikwa na wanyang'anyi njiani hutoa fedha zake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna anayesema kwamba amewapa zawadi.

Kodi twaijua. Kodi ni fedha, nayo hulipwa ili barabara itengenezwe na shule ijengwe. Uzazi wa mtu si kodi. Serikali haikuutoa, basi haiwezi kuudai.

Neno hili si jipya, wala hatulitungi sisi. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius XI alitoa barua yake juu ya ndoa, Casti connubii. Siku zile majimbo mengi ya Marekani na sehemu chache za Ulaya zilikuwa zimeanza kuwakata uzazi watu walioitwa wapumbavu au dhaifu, kwa kusema kwamba watazaa watoto wabaya. Papa alifundisha kwamba wenye kutawala hawana mamlaka juu ya viungo vya mwili wa raia asiye na kosa. Miaka mitatu haikupita, na Julai 1933 Ujerumani ya Hitler ikatunga sheria yake ya kuwakata uzazi watu kwa nguvu. Waliopatwa walikuwa yapata 400,000. Hapo ulimwengu uliona njia ile inafika wapi.

Lakini wasomaji wengine watatukamata hapa, watasema: «Ninyi wakatekista, mnawatetea watu wanaotenda yale ambayo Kanisa halikubali?» Hatufichi kitu. Kanisa halikubali kazi ya kubadili jinsia. Lilisema hivyo tena mwaka 2024 katika hati iitwayo Dignitas infinita. Wala halikubali mtoto atungwe katika chupa za maabara. Lilisema mwaka 1987. Mambo hayo yanajulikana. Lakini hati ile ile ya mwaka 2024 yasema kwamba heshima ya mtu haiondoki kwa lolote analotenda wala kwa lolote linalompata. Basi asiyekubali tendo la jirani hajapewa ruhusa ya kumwibia jirani. Kama Papa Pius XI aliikataza Serikali isiguse uzazi wa raia asiye na kosa, ni wapi alipoandika: isipokuwa watu wa namna hii? Hakuandika popote.

Sasa turudi kwa neno la kwanza, lile la uongo, kwamba dawa zimekwisha kuua kila kitu. Hapa inatupasa kusema kwa utaratibu, maana jambo la mwili halijibiwi kwa kelele.

Aliyezaliwa mwanamke akitaka kuishi kama mwanamume, waganga humpa homoni iitwayo testosteroni. Ndevu zaota, sauti yashuka, na kwa kawaida damu ya mwezi yakoma baada ya miezi kadhaa. Watu wakiona damu imekoma, husema: mayai yamekufa. Sivyo. Msichana huzaliwa na akiba ya mayai yake yote ndani ya mwili. Testosteroni huyalaza, haiyafagii. Tena usingizi wenyewe si mzito kila mara: wako walioshika mimba wakiwa bado wanatumia dawa, hawana damu ya mwezi, hawakutazamia kitu. Kwa sababu hiyo waganga huonya kwamba testosteroni si dawa ya kuzuia mimba, na kwamba mwenye mimba asiitumie kamwe, kwa kuwa yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwaka 2014 waganga wa Marekani walichapa habari za watu 41 walioishi kama wanaume, nao walishika mimba. Katika hao, 25 walikuwa wamewahi kutumia testosteroni.

Aliyezaliwa mwanamume akitaka kuishi kama mwanamke, hupewa estrojeni, na mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya kuzuia homoni za kiume. Hapo mambo ni magumu zaidi. Mbegu hupungua, na kwa wengi hukoma. Mtu akiacha dawa, yawezekana zikarudi, lakini si kwa siku mbili, kwa maana mwili huhitaji zaidi ya miezi miwili ili kutengeneza mbegu tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa wengine zimerudi, na kwa wengine hazikurudi. Hakuna mganga awezaye kuahidi.

Na upasuaji ni jambo la tatu. Tumbo la uzazi likiondolewa, au vifuko vya mayai, au korodani, hapo mlango wa kuzaa kwa njia ya kawaida umefungwa kabisa. Dawa hulaza. Kisu humaliza. Ninyi mnaochanganya mambo hayo mawili, angalieni mnavyosaidia kisu kwa ulimi wenu.

Mwataka mfano? Katika India, katika mji wa Kozhikode wa jimbo la Kerala, wako Zahad na Ziya Paval. Wote wawili wamebadili jinsia. Zahad alizaliwa mwanamke, aishi kama mwanamume. Ziya alizaliwa mwanamume, aishi kama mwanamke. Walitamani mtoto. Kwanza walifikiri kulea mtoto wa watu wengine, wakaona sheria haiwafungulii njia. Zahad alikuwa amekwisha kuondolewa matiti, lakini tumbo la uzazi lilikuwa lingalimo. Basi wakasimamisha homoni, yeye na mwenzake pia. Tarehe 8 Februari 2023 mtoto alizaliwa katika hospitali ya Serikali ya mji ule. Hakununuliwa, hakuibwa. Ni mtoto wa miili yao wawili.

Na mfano wa zamani zaidi: Thomas Beatie wa Marekani. Jimbo la Hawaii lilikuwa limekwisha kumwandika mwanamume, bila kudai tumbo lake la uzazi. Alioa mke, naye mke hakuweza kuzaa, kwa kuwa alikuwa ameondolewa kizazi kwa ugonjwa. Thomas akaacha testosteroni, akashika mimba yeye, akamzaa binti tarehe 29 Juni 2008. Dunia nzima ilicheka, ikapiga picha. Lakini hesabuni miaka. Mwaka ule ule wa 2008, mtu kama yeye katika Ubelgiji angalilazimishwa kuchagua: karatasi au mtoto. Binti yule angekuwa wapi leo?

Basi twaona kwamba sharti la kukata uzazi halikukata kitu kilichokwisha kufa. Lilikata kitu kilicho hai.

Lakini tusiende upande wa pili tukaanguka shimoni. Wako na waongo wengine, wenye ulimi mtamu. Hao humwambia kijana: «Usiogope, tumia tu dawa, siku utakapotaka mtoto utaacha na utampata.» Huo nao ni wizi, tena wizi wa adabu. Nani aliyempa mtu huyo ahadi ya kugawa watoto? Tumekwisha kusema kwamba mbegu huenda zisirudi. Tena kuacha homoni si jambo jepesi: mwili ambao mtu ameupata kwa shida waanza kurudi nyuma, damu ya mwezi yarudi, na wengine huingia katika huzuni kubwa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayesema «utaacha tu» hajaubeba.

Tena kuna habari ya vijana wadogo. Kijana akipewa dawa za kusimamisha balehe mapema sana, kisha akaingizwa moja kwa moja katika homoni nyingine, mayai yake au mbegu zake hazijapata wakati wa kukomaa. Hapo hakuna kitu cha kulaza, kwa kuwa hakijaamka bado. Mzazi asiyeambiwa neno hili amedanganywa, hata kama mganga amenyamaza kwa upole.

Ndiyo sababu chama kikubwa cha waganga wa homoni cha Marekani, Endocrine Society, kiliandika katika maagizo yake ya mwaka 2017 kwamba kila mtu aambiwe habari ya uzazi kabla ya kuanza dawa. Kabla! Aambiwe kwamba mbegu na mayai vyaweza kuwekwa akiba katika baridi kali. Aambiwe kwamba akiba ya mbegu ni kazi rahisi, lakini akiba ya mayai yadai sindano za siku kumi na zaidi na fedha nyingi. Aambiwe kwamba akiba si mtoto. Kisha aachwe aamue kwa dhamiri yake, akijua anachofanya. Mganga anayeficha na Serikali inayolazimisha ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wamechukua uzazi wa mtu bila ruhusa yake. Mmoja kwa kunyamaza, mwingine kwa amri.

Limebaki neno moja ambalo watu hulitoa wakiona wameshindwa katika mengine yote. Wasema: «Na mtoto je? Ataandikwaje? Nani mama, nani baba? Watu watamcheka.»

Kwanza, habari ya kuandikwa. Ni kweli, makarani wamepata shida. Katika Uingereza Freddy McConnell, mwanamume kwa karatasi, alimzaa mtoto mwaka 2018, akaomba aandikwe baba. Mahakama zilikataa, mwaka 2019 na tena mwaka 2020, zikasema aliyezaa ataandikwa mama. Katika India wale wa Kozhikode waliomba cheti chao kiseme tu «wazazi». Juni 2025 mahakama kuu ya Kerala iliwakubalia, ikaamuru cheti kipya. Waamuzi hawa na wale hawakupatana, na wasomaji wetu nao wanaweza wasipatane. Lakini angalieni jambo moja: pande zote mbili zilikaa mezani, zikashika kalamu. Shida ya karatasi hutengenezwa kwa karatasi. Nani mwenye akili aliye na buku lisilo na nafasi ya kutosha, akaamua kumkata mtu ili aenee katika mstari?

Pili, habari ya kuchekwa. Mtoto hazaliwi na aibu. Aibu hupikwa vinywani mwetu, kisha sisi wenyewe twamlisha, na akilia twasema: tulijua. Kwetu mwanamke asiyezaa hutukanwa na mashemeji, hufukuzwa usiku, huitwa mti mkavu. Twayajua hayo, tumewaona wakija misioni na vitu vyao katika kitambaa kimoja. Watu wale wale wanaomtukana tasa, leo wanashangilia wengine wakifanywa tasa kwa amri! Kama utasa ni msiba mkubwa hivyo, kwa nini mwawatakia wengine? Na kama si msiba, kwa nini mwawatukana dada zetu? Chagueni moja.

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema ni mzazi mwenye karatasi safi, wala ni mzazi tunayempenda.

Basi, ndugu, yatupasa kufanya nini? Hatuwaombi kukubali kila jambo ambalo watu hawa hutenda. Twawaomba mambo matatu tu. Kwanza, mkisikia katika barza mtu akisema kwamba dawa imekwisha kuua yote, mjibuni kwamba si kweli. Pili, kama una mwana au ndugu aliye ng'ambo naye yuko katika njia hiyo, usimtupe, wala usimwandikie matusi. Mwandikie ukamwulize: je, waganga wamekueleza habari ya uzazi kabla hujaanza? Swali hilo moja laweza kumfaa kuliko hotuba kumi. Tatu, ikiwa siku moja watawala wetu nao watatunga sheria ya mambo haya, na mtu akasimama kusema «wakatwe kwanza», simameni nanyi mseme hapana. Mwambieni kwamba Sweden ilijaribu, Uholanzi ilijaribu, Ubelgiji ilijaribu, nao wamerudi nyuma, na wawili kati yao wamelipa fedha kwa ajili ya watoto ambao hawatazaliwa kamwe.

Serikali ichukue kodi yake. Tumbo la mtu ilipishe.